UZI: Gundi ya Senegal, katuni za Paris. Ukoloni ndani ya picha za chapa za Ufaransa, karne ya 19

Wino Mkavu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya ukoloni wa Ufaransa ikiletwa humu, picha zinazobandikwa ni zilezile: majeshi ya mchoraji wa vita Horace Vernet, wanawake wa Algiers wamekaa zuliani, ngamia, jua kali. Sawa, lakini hizo ni picha za mafuta, za makumbusho na makasri. Ile ya Vernet ya kutekwa kwa kambi ya Abd el-Kader, kiongozi wa Algeria aliyepigana na Wafaransa, mwaka 1843 ina urefu wa mita 21 na imekaa Versailles. Fundi viatu wa Lyon hakuwa na ukuta wa mita 21. Yeye alikuwa na karatasi: katuni iliyobandikwa kwenye dirisha la duka, picha ya bei chee aliyouziwa na mchuuzi wa kutembeza, bango la barabarani, kadi ya rangi aliyopewa mwanawe mama yake alipokwenda kununua kitambaa.

Uzi huu ni wa hizo karatasi. Ninachodai ni kimoja tu: ukitaka kuuona ukoloni kwenye chapa za Ufaransa za wakati ule, usianze na picha zinazoonyesha makoloni. Anza na zinazoonyesha Paris.

Naanza na jiwe, maana huko ndiko ninakopata ugali wangu. Mimi ni mtu wa mashine za ofseti, na ofseti ni mjukuu wa lithografia, yaani kuchapa picha kwa jiwe. Ufundi huu ulibuniwa na Alois Senefelder kule Munich mwishoni mwa miaka ya 1790, ukashika kasi Ufaransa kuanzia 1816 kwa juhudi za akina Godefroy Engelmann. Unachukua jiwe la chokaa, lile zuri kabisa likitoka Solnhofen, Bavaria, unalisugua mpaka linakuwa laini. Unachora kwa chaki iliyotengenezwa kwa nta, sabuni, mafuta ya mnyama na masizi. Halafu unalipaka maji ya gundi yaliyotiwa tindikali kidogo. Penye mchoro, mafuta yameshang'ang'ania jiwe. Pasipo na mchoro, gundi inaweka utando unaoshika maji na kuukataa wino. Unalowesha kwa sponji, unapitisha rola, wino unakaa kwenye mchoro peke yake. Unalaza karatasi, unakandamiza. Gundi ikikosekana, rola inalichafua jiwe zima na hakuna picha.

Gundi yenyewe ni gamu arabika, utomvu wa mgunga. Wachapaji wenzangu mnaijua, mpaka leo tunaipaka kwenye pleti tukitaka kuihifadhi. Sasa Paris ya 1830 iliipata wapi? Kwa sehemu kubwa, Senegal. Kabla ya karanga kutawala, gundi ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa biashara ya Saint-Louis, mji wa Wafaransa kule Senegal. Ng'ambo ya kaskazini ya mto Senegal, watumwa wa mabwana wa Kimori wa Trarza na Brakna (Mauritania ya leo) waliikusanya kutoka kwenye migunga msimu wa upepo mkavu. Ikashushwa mpaka vituo vya mtoni, na wafanyabiashara wakailipia kwa vitambaa vya pamba vya bluu iliyokolea vilivyoitwa guinée, ambavyo navyo vilifumwa na kutiwa rangi Pondicherry, koloni ya Ufaransa kule India. Mteja mkubwa wa gundi alikuwa viwanda vya kuchapa vitambaa. Wenye mawe walichukua kiasi kidogo tu. Lakini bila kiasi hicho kidogo, mchora katuni wa Paris, Honoré Daumier, asingechapa hata katuni moja ya mwenye nyumba akimdai mpangaji kodi.

Naendelea chini, msikae mbali.

Binti Saba

Nimevuta kiti. Hizo guinée mbona kama kaniki zetu? Pamba ya bluu kutoka India, halafu inageuka kuwa fedha ya kununulia mali ya bara.

Wino Mkavu

Binti Saba, umelenga. Njia ni tofauti, bandari ni tofauti, ila kazi ya kitambaa ni ileile. Na kule Senegal walikuwa wakali wa kukikagua: rangi, uzito, mpaka harufu. Kikitoka kiwanda cha Ulaya kimeigizwa, wanakitambua.

Twende kwenye katuni.

Mwaka 1830 yalitokea mambo mawili ndani ya wiki chache. Tarehe 5 Julai Algiers iliangukia mikononi mwa Wafaransa. Mwishoni mwa mwezi huohuo Paris ikampindua mfalme aliyetuma jeshi hilo. Mfalme mpya, Louis-Philippe, aliirithi Algeria kama mtu anayerithi kesi. Mwaka huohuo Charles Philipon akaanzisha gazeti la vikaragosi, La Caricature, na mwaka 1832 akaongeza la kila siku, Le Charivari. Daumier alimchora mfalme akiwa jitu linalokula kodi za maskini, akafungwa miezi sita. Septemba 1835 zikaja sheria zilizoipiga marufuku katuni ya siasa isipopita kwanza kwa mkaguzi wa serikali.

Hapo ndipo wengi wanasema "basi Daumier akaacha siasa, akachora maisha ya kila siku": mawakili, wapangaji, wake na waume, watu wanaooga mtoni, wapanda mabasi ya farasi. Ni kweli. Tukumbuke tu kwamba maisha hayo ya kila siku yalichorwa chini ya jicho la mkaguzi, na miaka hiyohiyo Algeria ilikuwa inawaka. Jenerali Bugeaud, ambaye watu wa Paris walimtwika lawama za mauaji ya mtaa wa Transnonain ya Aprili 1834 (Daumier aliyachora kwenye chapa yake maarufu kuliko zote, baba amelala chali na shati la kulalia, mtoto chini yake), ndiye aliyekuwa Gavana Mkuu wa Algeria kuanzia 1841 hadi 1847. Akachoma mashamba na ghala za watu.

Nani alikuwa karibu zaidi na makoloni kuliko Daumier? Jirani yake wa ukurasa, Cham.

Jina lake halisi Amédée de Noé, mwana wa kabaila. Noé ni Nuhu, kwa hiyo akajiita Cham, yaani Hamu mwana wa Nuhu. Kijiweni utani huo ulichekesha. Ila familia ya de Noé ndiyo iliyorithi mashamba ya miwa ya Bréda huko Saint-Domingue (Haiti ya leo), mashamba ambako Toussaint Louverture aliishi utumwani kabla hajawa Toussaint tunayemjua, kiongozi wa mapinduzi ya watumwa. Na laana ya Hamu ndiyo hoja iliyotumika karne nzima kuhalalisha utumwa wa Mwafrika. Mjukuu wa mashamba anajipa jina hilo, anacheka, na wasomaji wanacheka naye.

Mwaka 1849 Faustin Soulouque akajitangaza kaizari wa Haiti. Cham akatoa albamu nzima ya vikaragosi juu yake, Soulouque na baraza lake, mwaka 1850. Ni michoro ya kumdhalilisha mtu mweusi aliyevaa taji, midomo mikubwa, manyoya, miguu pekupeku, kila kitu mnachokitegemea. Ni chafu, sitabandika hapa. Wanahistoria wengi husema shabaha ilikuwa Louis-Napoléon, rais aliyekuwa ananyemelea ukaizari, na kwamba Haiti ilikuwa kisingizio tu. Mimi nasema zote mbili zilikuwa shabaha. Ili kichekesho kimfikie Louis-Napoléon, msomaji lazima kwanza akubali kwamba kaizari mweusi ni kichekesho. Na msomaji huyo anaishi kwenye nchi iliyoilazimisha Haiti mwaka 1825 kuahidi faranga milioni 150 za kuwafidia waliokuwa wenye mashamba. Deni likapunguzwa mwaka 1838, lakini Haiti ilikuwa ingali inalipa wakati Cham anachora.

Mdau wa Feri

Mkuu nakusoma vizuri ila naomba nipinge kidogo. Hawa walikuwa watu wa zama zao. Huwezi kumchukua mchora katuni wa 1850 ukampima kwa kipimo cha leo. Hata babu zetu walikuwa na mambo yao.

Wino Mkavu

Mdau, hoja yako naiheshimu, lakini "zama zao" zilikuwa na watu wa kila aina. Juni 1845 Kanali Pélissier aliwasha moto kwenye milango ya mapango ya Dahra, Algeria, watu wa Ouled Riah wakafa ndani kwa moshi, mamia kwa mamia, na wanawake na watoto wakiwemo. Mwezi uliofuata jambo hilo liliibuliwa kwenye Baraza la Mamwinyi, baraza la juu la bunge pale Paris, likalaaniwa, waziri akabanwa ajieleze. Tarehe 27 Aprili 1848 Ufaransa ikaufuta utumwa, baada ya miaka mingi ya Victor Schoelcher na wenzake kuandika na kupiga kelele. Waliojua walikuwepo na waliosema walikuwepo. Mtu alikuwa na nafasi ya kuchagua achore nini, na Cham alichagua.

Hata kwenye picha zilezile za mawe, chaguo lilikuwepo. Mwaka 1818 Théodore Géricault alichora mabondia wawili, mmoja mweusi mmoja mweupe, wamesimama uso kwa uso. Miili sawa, kimo sawa, hakuna anayechekwa. Ilikuwa ni miaka miwili tu tangu lithografia ianze kushika Ufaransa, kwa hiyo ufundi wa kumchora hivyo ulikuwepo tangu mwanzo.

Binti Saba

Na wale waliokwenda wenyewe makoloni wakarudi wakachora? Maana Cham alikaa Paris.

Wino Mkavu

Hapo ndipo nilikuwa nakwenda. Kuna mmoja ambaye kwangu mimi ndiye uzi wote: Charles Meryon.

Alizaliwa 1821, akawa afisa wa jeshi la majini. Mwaka 1842 aliondoka na meli ya Rhin kwenda New Zealand, kulinda makazi ya Wafaransa ya Akaroa. Sasa sikieni kichekesho. Walowezi hao walifika Akaroa Agosti 1840. Mkataba wa Waitangi, ambao Waingereza waliutumia kuichukua New Zealand, ulitiwa saini Februari 1840. Yaani wamefika, wenyeji wameshapatiwa bwana mwingine. Kwa miaka kadhaa meli ya kivita ya Ufaransa ikakaa inalinda koloni ambayo haikuwa yao. Kijana Meryon akawa anashuka pwani, anachora kwa penseli: maghala ya chakula ya Wamaori yaliyoinuliwa juu ya nguzo, nyumba, watu wakivuta juya. Huko Uvea, kisiwa cha Wallis, akachora uvuvi wa kutumia makuti.

Akarudi 1846, akaacha jeshi. Alitaka kuwa mchoraji wa rangi lakini macho yake hayakuzitofautisha rangi vizuri, hivyo akaingia kwenye chapa za shaba. Hii si kama jiwe: unapaka bamba la shaba nta, unachora kwa sindano ukiichana nta, unalizamisha kwenye tindikali, inakula pale tu palipochanwa. Nyeusi na nyeupe tupu. Kati ya 1850 na 1854 akatoa mfululizo wake wa Paris: madaraja, mochari, lile dubwana la jiwe la Notre-Dame lililoweka viganja mashavuni likitazama mji. Ndio mfululizo uliompa jina.

Halafu akili ikaanza kuyumba, akalazwa hospitali ya Charenton mwaka 1858, akatoka mwaka uliofuata. Na miaka ya 1860, kama miaka ishirini baada ya safari, ndipo anaitoa michoro ile ya penseli ya New Zealand na kuichonga kwenye shaba: uvuvi wa juya Akaroa na uvuvi wa Uvea mwaka 1863, maghala na nyumba za wenyeji mwaka 1865. Zitazameni taratibu hizi. Si picha za "washenzi". Ni watu wako kazini.  Unaweza kuzipenda, nami nazipenda, ila nauliza: huyo aliyezichora alisimama juu ya nini? Juu ya sitaha ya meli yenye mizinga. Meli yenyewe haimo kwenye fremu ya yale maghala.

Ila ilikuja kuingia kwa mlango mwingine, na huu ndio ushahidi wangu mkubwa. Miaka hiyohiyo alichonga picha ya shule ya Henri IV, katikati ya Paris, ikionekana kutoka juu. Paa, ua, madirisha, vyote vimepimwa kwa rula. Na kwenye nakala za mwanzo, nyuma ya shule ambako unatarajia mitaa ya Paris, pana bahari. Bahari, na merikebu. Baadaye akaikwangua akaweka mji.

Mwaka 1865 akachonga Wizara ya Majini, lile jengo lenye nguzo linalotazama uwanja wa Concorde. Wizara hiyo ndiyo iliyosimamia makoloni mpaka wizara ya makoloni ilipoundwa 1894. Amri ya kufuta utumwa ya 1848 ilitiwa saini humo ndani. Kwenye chapa ya Meryon jengo limechorwa sawasawa, kila nguzo mahali pake. Lakini angani, kutoka upande mmoja, linakuja jeshi: farasi, magari ya vita, mitumbwi, maumbo ya samaki wakubwa, vyote vinapaa kuelekea paa la wizara. Chini uwanjani watu wadogo wamekumbwa na taharuki.

Wengi wanamaliza haraka: mgonjwa wa akili, ndoto, basi. Sikatai kwamba alikuwa mgonjwa. Alifia Charenton mwaka 1868. Ila mgonjwa huyu alijua jengo gani la kushambuliwa. Hakuipeleka mitumbwi juu ya soko wala juu ya kanisa.

Kijana wa Mabibo

Aisee hii ya bahari nyuma ya shule imenitoa usingizini. Na Gauguin je? Naona kila mtu anamtaja yeye.

Wino Mkavu

Mchoraji Paul Gauguin nitampitia kwa haraka, ameandikwa mno.

Alikwenda Martinique 1887, akachapa baadhi ya kumbukumbu zake za huko mwaka 1889 kwenye karatasi ya manjano. Mwaka huohuo Paris ilikuwa na Maonyesho ya Dunia, na kwenye uwanja wa Invalides wakajenga vijiji vya makoloni vyenye watu ndani, raia wakilipa kiingilio kuwatazama wakipika na kufuma. Gauguin alivipenda. Mwaka 1891 akaenda Tahiti na barua ya serikali mkononi. Alikuta Papeete imejaa makarani, kanisa na mabati, na gavana alikuwa Étienne Lacascade, mtu mweusi mzaliwa wa Guadeloupe. Hata hilo hamlioni popote kwenye chapa zake. Aliporudi Paris alichonga mbao kumi za Noa Noa, kitabu chake cha Tahiti, 1893 hadi 1894, giza zuri, miungu, msichana anayeogopa mizuka usiku. Kwa ufundi namvulia kofia: alikwangua mbao kwa msasa na sindano, akachapa kwa mkono, hakuna nakala mbili zinazofanana. Kwa ukweli, alilifuta koloni zima ili Tahiti yake ionekane haijaguswa, na msichana mwenyewe aliyeishi naye alikuwa na miaka kama 13. Maelezo yake mengi ya dini ya Tahiti aliyanakili kwenye kitabu cha Moerenhout cha 1837.

Mabango na kadi za rangi za dukani nazo ni hadithi ndefu. Kwa ufupi: lithografia ya rangi iliposhuka bei, koloni likawa tangazo. Kuanzia 1877 bustani ya wanyama ya Jardin d'Acclimatation iliwaonyesha watu kutoka Nubia na kwingineko, na mabango yake yakaenea mjini. Magazeti ya bei ndogo kama Le Petit Journal yakaweka vita vya Dahomey na Madagascar kwenye kurasa za mbele za rangi. Mchoraji Toulouse-Lautrec alimchora Chocolat, yaani Rafael Padilla, mchekeshaji aliyezaliwa utumwani Cuba, mwaka 1896, akicheza baa. Mkono umeinuliwa, mwili mwepesi, anacheza kwa raha zake. Kwenye sarakasi, kazi yake ilikuwa kupigwa makofi na mwenzake mweupe.

Mdau wa Feri

Swali la mwisho kutoka kwangu. Pwani yetu imo kwenye hizo karatasi?

Wino Mkavu

Imo. Mwaka 1844 Ufaransa ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, na kuanzia 1846 hadi 1848 Kapteni Charles Guillain alizunguka mwambao na meli ya Ducouëdic, kuanzia pande za Somalia hadi Zanzibar, akipima bandari, akiuliza bei, akiandika nasaba za masultani. Walibeba mtambo wa daguerreotype, picha za bamba la fedha, miaka michache tu tangu utangazwe kule Paris mwaka 1839. Bamba la namna hiyo ni moja, halina nakala. Kwa hiyo Paris ikabidi watu na majengo yachorwe upya kwenye mawe na mafundi ambao hawakuwahi kukanyaga pwani, yakachapwa na kutolewa albamu iliyofuatana na vitabu vyake.

Mmoja wa mafundi hao ni Adolphe Bayot. Kwenye chapa nyingi za safari za wakati ule, chini kabisa kwa herufi ndogo, utaona mtu mmoja amechora mandhari na Bayot amechora watu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, kuweka watu. Kamera ya zama zile haikuweza kumnasa anayetembea, mtaa ulitoka mtupu, basi mtu akajazwa na chaki. Ukitazama picha ya namna hii ya mji wa pwani, ukaona mchukuzi na kikapu au bwana na bakora, jiulize kama huyo alisimama pale kweli au alizaliwa mezani Paris. Zile picha za uso wa karibu ndizo za kuaminika zaidi, maana aliyekaa mbele ya mtambo alilazimika kutulia.

Nyingi ya chapa za uzi huu ziko bure kwenye Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Daumier mtafute kwenye kurasa za Le Charivari zenyewe: maandishi ya upande wa pili yanapenya kwenye picha, na habari za bei za soko la hisa zinaonekana kwa mbali kwenye uso wa mwenye nyumba.

Guillain mwenyewe hakustaafu. Mwaka 1862 alipelekwa New Caledonia kuwa gavana, na wafungwa wa kwanza kutoka Ufaransa walishushwa huko 1864, chini ya utawala wake.

Binti Saba

Weka uzi wa pili wa hiyo albamu peke yake, na picha. Nitaleta za familia tulinganishe vilemba.